Kuisoma Nchi Tambarare

Husemwa kwamba nchi tambarare haina habari. Msafiri avukaye magharibi ya Kansas kwa gari hulalamika kwamba amekwenda saa tano bila ya kuona kitu, na kama msafiri huyo ametoka kwetu, ambako amekwisha kuona Kilimanjaro na Usambara, hudhani kwamba ana haki ya kulalamika zaidi ya wengine. Nathubutu kusema kinyume chake. Mlima hujitangaza wenyewe; asiyejua kusoma huuona sawasawa na ajuaye. Nchi tambarare haijitangazi kwa mtu. Habari zake zimeandikwa kwa herufi ndogo mno, na jicho lisilosaidiwa huzipita. Msaada wake ni ramani: si ramani ya ukutani ionyeshayo miji na mipaka, bali ramani ya kontua, ile ambayo mistari yake ya rangi ya kahawia huunganisha mahali pote penye kimo kimoja.

Nchi niitajayo ni Nyanda za Juu za Marekani, zilizolala mashariki ya Milima ya Rocky kutoka South Dakota hadi Texas. Nilikaa huko miaka miwili na nusu, tangu 2012, nikisoma katika chuo kikuu kimoja cha Kansas, na kazi niliyopewa ili nijipatie fedha ya chakula ilikuwa kupanga ramani katika chumba cha chini cha maktaba. Ramani zilikuwa zimelazwa katika makabati ya chuma yenye droo pana zisizo na kina. Majuma ya kwanza nilizipanga kwa majina na namba zake, kama mtu apangaye magunia bila ya kujua yamejaa nini. Kisha nikaanza kuzisoma, na hapo nikamshukuru mwalimu wangu wa jiografia wa sekondari, huko Kongwa, ambaye alitutesa kwa karatasi ya 1:50,000 na uzi wa kupimia barabara, na mtoto asiyeweza kutofautisha bonde na mgongo wa kilima hakutoka kwenda kula.

Karatasi hizo za Marekani zilitengenezwa na Idara ya Jiolojia ya serikali ya nchi hiyo, iliyoundwa mwaka 1879. Mashuhuri ni zile za skeli ya 1:24,000, ambazo kila moja huchukua dakika saba na nusu za latitudo na dakika saba na nusu za longitudo. Inchi moja ya karatasi ni futi 2,000 za ardhi. Katika Kansas karatasi moja hufunika nchi yenye upana wa karibu maili 7 na urefu wa maili 8 na nusu, na ili kuyafunika majimbo yote yaliyoshikana zilihitajika karatasi zaidi ya 50,000. Milimani, mstari mmoja wa kontua huachana na mwenziwe kwa futi 40 au 80 za kimo. Kama wapima wangalitumia kipimo hicho katika Nyanda za Juu, karatasi nyingi zingalibaki nyeupe. Kwa hiyo huko walitumia futi 10, na mahali pengine futi 5. Mpima ardhi amekiri kwa kalamu yake kwamba katika nchi ile futi tano ni jambo la kuandikwa.

Na kweli ni jambo. Nchi nzima imeinama. Huinama kuelekea mashariki, kama futi 10 kwa kila maili, hata mtembezi hajui kama anateremka. Kilele cha Kansas, kiitwacho Mount Sunflower, kina kimo cha futi 4,039 juu ya bahari, nacho ni malisho ya ng'ombe. Hakifiki maili moja kutoka mpaka wa Colorado, na mtu akisimama hapo haoni kwamba amesimama juu ya kitu. Atazamapo magharibi aona nchi ikiendelea kupanda. Mteremko huo ni kazi ya mito ya kale iliyotoka Milima ya Rocky, ikabeba mchanga na changarawe kwa mamilioni ya miaka na kuutandaza mashariki. Tabaka hilo la mchanga na changarawe huitwa Ogallala, na maji yaliyojificha ndani yake ndiyo yaliyokuja kuigeuza nchi. Nitayarudia.

Kusini zaidi, katika uwanda uitwao Llano Estacado, baina ya Texas na New Mexico, kontua karibu zatoweka. Badala yake karatasi imejaa viduara vyenye vimeno vidogo kwa ndani, ambavyo ni alama ya shimo, na ndani ya kiduara rangi ya buluu iliyozungushiwa mstari uliokatikakatika. Hayo ni maziwa ya msimu, makumi ya maelfu, yasiyo na mto wa kuingia wala wa kutoka. Mvua ikinyesha hujaa, jua likiwaka hukauka. Mwaka 1541 Mhispania Francisco Vázquez de Coronado alipita huko na jeshi lake. Aliyeiandika habari ya safari hiyo ameeleza kwamba nyasi zilizokanyagwa zilisimama tena, jeshi lisiache njia nyuma yake. Wakalazimika kurundika mifupa na mavi ya nyati ili walio nyuma wapate kuwafuata walio mbele. Nadhani marundo yale yalikuwa ramani ya kwanza ya Mzungu katika nchi ile. Wenyeji waliokuwa wakiwinda humo hawakuyahitaji.

Juu ya nchi hiyo iliyoinama polepole kumetandazwa jambo jingine lisilo na upole hata kidogo, nalo ni miraba. Tarehe 20 Mei 1785 wakuu wa taifa lile jipya walipitisha sheria kwamba ardhi ipimwe kwa miraba yenye maili 6 kila upande, na kila mraba ugawanywe vipande 36, kila kipande maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640. Kipande cha 16 kiliwekwa kwa ajili ya shule. Tarehe hiyo hiyo ya Mei, mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kumpa mlowezi robo ya kipande, ekari 160, kama atakaa juu yake na kuilima miaka mitano. Kwa Kansas na Nebraska mstari wa msingi wa upimaji ulikuwa latitudo ya 40, ambayo hata leo ndiyo mpaka wa majimbo hayo mawili. Katika karatasi miraba hiyo imechorwa kwa wino mwekundu, na barabara zimeifuata. Hazijali kilima wala kijito. Lakini mistari yote ielekeayo kaskazini hukutana katika ncha ya dunia, kwa hiyo miraba hupungua upana kadiri uendavyo kaskazini, na wapima walilazimika kuisahihisha kila baada ya umbali fulani. Hapo barabara iliyonyooka kama uzi hupinda ghafula kulia, huenda hatua mia chache, kisha hupinda kushoto na kuendelea na safari yake. Dereva mgeni akipita usiku huingia shambani. Wanafunzi wenzangu waliokulia huko walizijua kona hizo kwa ajali zake. Wachache walijua kwamba huo ndio mviringo wa dunia, nao waonekana kwa macho katika shamba la ngano.

Palikuwa na mtu aliyeonya juu ya miraba. John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono vitani na baadaye akawa mtaalamu wa ardhi, alitoa taarifa mwaka 1878 kwamba magharibi ya longitudo ya 100 mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, na kwamba ekari 160 huko ni nyingi mno kwa mtu mwenye maji ya kumwagilia na chache mno kwa mtu asiye nayo. Alishauri mkulima wa kumwagilia apewe ekari 80, na mfugaji apewe 2,560. Hakusikilizwa. Miaka mitatu baadaye alipewa uongozi wa Idara ya Jiolojia, na chini yake kazi ya kuchora ramani ya nchi nzima ilianza. Mara nyingi, nilipokuwa nikifungua droo za ramani za magharibi, niliona kama kwamba mzee yule, kwa kushindwa kwa maneno, alikusudia kushinda kwa kontua.

Sisi wa Kongwa twalielewa jambo hili bila ya kuelezwa sana. Mwaka 1946 wajumbe wa Kiingereza walizunguka Tanganyika kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaona nchi iliyo wazi kwa matrekta. Mwaka 1947 mpango wa karanga ulianza, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuuacha. Babu yangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Alizoea kusema kwamba mvua ya Ugogo ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakiijua, ila hawakuulizwa. Nilipoisoma taarifa ya Powell nilimkumbuka.

Walakini kosa la miraba halikuwa la mvua tu. Nchi ilikuwa na watu. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, mashariki ya Colorado, askari wa Kanali John Chivington waliishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho wakaua watu kama 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Baadaye nchi ikapimwa, ikagawanywa, ikafugiwa ng'ombe. Kijito chenyewe hakikupata kupotea katika ramani; kilichopotea ni mahali gani pa kijito. Katika miaka ya 1990 ukazuka ubishi mkubwa. Waliosaidia kuutatua walitazama ramani iliyochorwa mwaka 1868 na Luteni Samuel Bonsall, na michoro iliyotokana na kumbukumbu za George Bent, ambaye mama yake alikuwa Mcheyenne na ambaye mwenyewe alikuwamo kambini siku ile akaokoka, na masimulizi ya wazao wa waliouawa. Kisha mwaka 1999 wachimbuaji wakapata risasi na vyombo ardhini. Sheria ya kupahifadhi mahali hapo ilipitishwa mwaka 2000, na pakafunguliwa mwaka 2007. Wazao walikuwa wakipajua wakati wote.

Karatasi niliyoitoa mara nyingi kuliko zote ni ile yenye kijiji cha Nicodemus, katika ukingo wa mashariki wa Nyanda za Juu. Kwa mgeni si kitu: mitaa michache, makanisa, tawi la kusini la Mto Solomon upande wa chini. Kwa Mwafrika ni karatasi ya kusomwa taratibu. Kijiji hicho kiliundwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, watu ambao miaka kumi na miwili tu nyuma walikuwa bado wameshikwa na utumwa au wana wa watumwa. Waliahidiwa mji, walikuta nyasi. Miti ya kujengea haikuwapo, ikawapasa kuchimba nyumba katika kingo za ardhi. Bibi mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba mumewe alipomwonyesha mji aliona moshi tu ukitoka ardhini, akalia. Hapo kontua zafaa kutazamwa: nyumba ya kuchimba haichimbwi penye usawa kamili, yahitaji ukingo, na ukingo katika nchi ile ni mahali ambapo mistari miwili au mitatu ya kahawia imekaribiana. Nilikuwa nikiutia uzi juu ya karatasi na kujiuliza moshi ule ulitokea wapi.

Walistahimili, wakawa na shule, hoteli, magazeti mawili. Wakangoja reli. Mwaka 1888 reli ikapita kusini, ng'ambo ya mto, na mji wa Bogue ukazuka kandokando yake. Wenye maduka wa Nicodemus wakahamia huko. Katika ramani umbali baina ya miji hiyo miwili ni mdogo. Kijiji hakikufa kwa hayo, na mwaka 1996 kilitangazwa kuwa mahali pa historia ya taifa. Kila mwisho wa Julai wazao hurudi kutoka kila upande wa Marekani. Nilikwenda mwaka 2013, nikapewa nyama ya kuchoma na kiti kivulini, na bibi mmoja akaniuliza kama kwetu pia nchi ni tambarare.

Sasa nayarudia maji. Ogallala yashika eneo la maili za mraba karibu 174,000 chini ya majimbo manane. Kwa miaka mingi yalivutwa na vinu vya upepo, kiasi cha kunyweshea ng'ombe, na kila kinu kilipata alama yake katika karatasi. Mwaka 1952 mkulima wa Colorado aitwaye Frank Zybach alipata hataza ya mtambo wa bomba refu lenye magurudumu, lizungukalo kisima kama mshale wa saa na kunyunyizia mahindi. Mtambo huo ukiwekwa katika robo ya kipande, ekari 160, humwagilia duara la ekari 130 hivi na kuziacha pembe nne kavu. Abiria wa ndege aonapo duara zile za kijani ndani ya miraba ya Mei 1785 hustaajabu. Lakini katika sehemu kubwa ya magharibi ya Kansas maji yanayovutwa ni mengi kuliko yanayorudi. Mto Arkansas, ambao karatasi za zamani zimeupaka buluu, una sehemu ndefu ambazo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, na vijana huendesha pikipiki ndani yake.

Ni kwa sababu ya maji hayo kwamba mkulima mmoja mzee alishuka ngazi za chumba chetu katika baridi ya 2014. Kisima cha baba yake kilikuwa kimepungua hata hakitoshi mtambo mmoja, watoto wake walikuwa mijini, na alikuwa amepata mnunuzi wa shamba. Mapatano yangetiwa sahihi baada ya majuma matatu. Nilimwita Mzee, akaniuliza maana ya neno hilo, na nilipomweleza alilikubali. Alitaka karatasi ya wilaya yake, si mpya bali ya zamani. Karatasi mpya alikuwa nayo. Tangu 2009 hutengenezwa ofisini kutoka katika kumbukumbu za mashine, bila ya mtu kutumwa kwa miguu kuhakikisha, na matoleo yale ya kwanza yalidondosha mambo mengi madogo: visima, vinu vya upepo, mageti. Alichokitafuta hakikuwamo.

Nilimtolea ya mwaka 1966. Ili kuchora karatasi za aina hiyo wapima walipita shamba kwa shamba na kuuliza watu. Nyumba ya kukaa ilitiwa mraba mdogo mweusi, ghala mraba mtupu, shule kibendera, kanisa msalaba. Mzee aliweka kidole juu ya mraba mmoja mweusi akataja jina la waliokaa humo. Akaenda kwa mwingine akataja. Akaendelea hivyo kwa miraba thelathini na minne, na jina lilimkosa mara mbili tu. Niliandika yote kwa penseli katika karatasi ya pembeni. Nilipomuuliza ni ngapi zinazosimama sasa, alisema tano. Kisha akafika mahali alipokuwa akipaendea tangu mwanzo: kijistatili cha mistari iliyokatika, kidogo kuliko punje ya mtama, na msalaba ndani yake, karibu na pembe ya kipande chao.

Hayo yalikuwa makaburi. Dada yake mkubwa, ambaye yeye hakumjua, alizikwa hapo mwaka 1935 akiwa na umri wa miezi minane. Huo ni mwaka wa vumbi, ambao tarehe 14 Aprili mchana uligeuka usiku, na watoto wadogo walikufa kwa mapafu. Palikuwa na watoto wengine wa majirani, watano au sita. Misalaba ya mbao ilikuwa imekwisha kuoza kabla hajaanza shule, na mama yake hakupenda kupaonyesha. Hati ya shamba haikutaja makaburi. Kama angeuza bila ya kuyatoa katika mauzo, mnunuzi angekuwa na haki ya kulima.

Nilipima kwa rula na kioo cha kukuzia. Kutoka pembe ya kaskazini-mashariki ya kipande, thumuni ya inchi kwenda kusini na sehemu ya kumi ya inchi kwenda magharibi: futi 250, na futi 200. Nilimweleza pia kwamba karatasi za skeli ile huruhusiwa kukosea kiasi cha futi 40, na kwamba makaburi yenyewe huenda hayafiki futi 40 upana. Alifikiri kidogo. Akauliza kama ekari moja itatosha kuyazunguka makosa hayo. Nikamwambia yatosha na kubaki.

Jumamosi ile tulikwenda na utepe wa chuma. Pembe ya kipande ina jiwe la wapima, limezama hata kichwa. Tulipima futi 250, tukageuka, tukapima 200, na tulipoinua macho tulijikuta katika moja ya zile pembe nne ambazo bomba halizifikii. Hapakuwa pamelimwa tangu mtambo ulipokuja. Nyasi fupi za asili zilikuwa bado zimeshikana, za rangi ya kijivu kwa baridi, na ndani yake palikuwa na mashimo mafupi yaliyopangana, yaliyodidimia kiasi cha nusu ya futi. Mzee aliyahesabu kwa sauti, mara mbili. Yalikuwa saba. Kisha akaniomba nimshikie utepe, tupime ile ekari.